Umekwama kwenye riwaya yako? Jinsi ya kuchagua kitabu cha kukufundisha kuandika

Kila nikitaja mahali kwamba naandika hadithi lazima kuna mtu atanifuata pembeni, "kaka na mimi nataka kuandika riwaya, nianze na kitabu gani cha kufundisha uandishi", na mimi kabla sijamtajia jina lolote namuuliza umeshaandika kurasa ngapi. Wengi wanaona nawakwepa. Sikwepi, ndio njia yenyewe ya kuchagua. Mtu haingii duka la dawa akasema nipe dawa nzuri, nzuri ya nini, ya tumbo au ya kichwa? Vitabu hivi navyo ni hivyohivyo, kilichomsaidia rafiki yako kinaweza kukuchelewesha wewe mwaka mzima.

Mimi yalinikuta. Kitabu changu cha kwanza cha aina hii nilikinunua kwa kusikia sifa tu, nimejinyima nimekusanya pesa kidogokidogo mpaka ikatimia, na wakati huo nilikuwa na kurasa kama 40 za hadithi ya binti mmoja wa Tandika aliyekuwa anamtafuta baba yake. Kile kitabu kikanifundisha kuchora chati, ukurasa huu mhusika apate wito, ukurasa ule aukatae, pale katikati mambo yapinduke, basi nikabandika makaratasi ukutani miezi miwili, na katika hiyo miezi miwili sikuongeza hata mstari mmoja wa hadithi yenyewe. Nilikuja kugundua baadaye kwamba kilikuwa kitabu cha waandishi wa filamu, zile namba za kurasa ni za skripti ya sinema, halafu tatizo langu wala halikuwa muundo. Tatizo langu lilikuwa mazungumzo, watu wangu wote walikuwa wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari.

Kwahiyo anza na muswada wako, duka litasubiri.

Chukua ulichonacho, hata kama ni kurasa 10, umsomee mtu kwa sauti. Usimpe akasome mwenyewe maana atakurudishia baada ya wiki na neno moja, "nzuri". Msomee wewe. Ulimi wako utajikwaa palepale penye sentensi mbovu na uso wa msikilizaji utakwambia mengine yote. Akishika simu, weka alama ya penseli pembeni. Akiuliza "huyu ndo nani tena?" weka alama. Ukimaliza halafu asiulize chochote kuhusu kilichofuata, hiyo ni alama kubwa kuliko zote. Mimi namsomea dada yangu akiwa anachambua mchele, mikono yake ikisimama najua hapo nimempata.

Sasa angalia alama zimejaa wapi. Kama hata hizo kurasa 10 huna, una wazo tu kichwani tangu 2019 na kila ukianza unafuta, unaumwa woga na woga una vitabu vyake. Kama kurasa unazo tele ila mambo yanatokea tu moja baada ya jingine, leo harusi kesho ajali keshokutwa uchawi, hapo ni muundo. Kama stori inakwenda ila msikilizaji haoni picha na hawatofautishi watu wako wanavyoongea, hapo ni ufundi wa sentensi na wa sini, yaani tukio moja linalotokea mahali pamoja. Na kama umeshamaliza, kurasa 200 zimelala kwenye kompyuta, unahitaji kitabu cha kuhariri na usiguse kingine chochote. Hizo ndizo njaa nne na kila moja ina chakula chake.

Vya woga

Hapa vipo viwili ninavyovijua vizuri. Bird by Bird cha Anne Lamott, mwaka 1994. Jina limetoka kwenye kisa cha kaka yake alipokuwa na miaka 10, alipewa kazi ya shule ya kuandika kuhusu ndege, alikuwa na miezi mitatu akaiacha mpaka siku ya mwisho, amekaa mezani kazungukwa na vitabu machozi yanamlenga, baba yao akaja akamshika bega akamwambia aende nao ndege mmoja mmoja. Kitabu kizima kimekaa hivyo. Mama huyu anakupa ruhusa ya kuandika rasimu ya kwanza mbaya kabisa, na anakuelekeza utazame kipande kidogo tu kwa wakati mmoja, kama unachungulia kwenye fremu ya picha ya inchi moja. Mtu anayefuta futa kila siku, huyu ndiye mwalimu wake.

Kingine ni On Writing cha Stephen King, mwaka 2000. Sehemu kubwa ni maisha yake mwenyewe, jinsi alivyokua bila pesa, alivyokataliwa, na jinsi alivyogongwa na gari Juni 1999 akitembea pembeni ya barabara huko Maine wakati kitabu chenyewe hakijaisha. Kinatia nguvu sana. Kanuni yake moja naitumia mpaka leo, rasimu ya pili iwe ni ile ya kwanza ukiondoa asilimia 10, kwahiyo kurasa 200 ziwe 180, na ukishaifanya mara moja utashangaa ile asilimia 10 ilikuwa inakaa humo kufanya nini. Ila jua jambo moja kabla hujakinunua, King haamini katika kupanga stori mapema, anasema stori ni kama masalia ya kale yaliyofukiwa ardhini, kazi yako ni kuyafukua taratibu. Sasa kama wewe tatizo lako ni kwamba stori haina kichwa wala miguu, hapa hutapata chati, utapata moyo tu. Moyo ni kitu kikubwa lakini hautapanga sura zako.

Vya muundo

Muundo ndio eneo lenye vitabu vingi zaidi na ndipo watu wanapopotelea, kwa sababu chati inampa mtu raha ya kuona anafanya kazi. Save the Cat cha Blake Snyder cha 2005 ndicho kinachotajwa sana, kinakupa hatua 15 za stori, na kiliandikwa kwa ajili ya watu wa sinema. Hakina ubaya, mtu wa filamu za Bongo kitamfaa, hata mwandishi wa riwaya za kusisimua atachukua mawili matatu. Ila usiache kuandika ili ujaze chati.

Mimi kwa muundo napendelea kitu cha zamani na kifupi, Aspects of the Novel cha E. M. Forster. Ni mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927. Humo ndimo kuna ule mfano wa mfalme na malkia, ukisema mfalme alikufa kisha malkia akafa umetoa matukio tu, ukisema mfalme alikufa kisha malkia akafa kwa majonzi umeshapata ploti, maana sasa kuna sababu. Pima muswada wako kwa mfano huo mmoja tu, kati ya sura na sura weka neno "kwa sababu" au "kwahiyo", pakikubali vizuri, pakikataa hapo ndipo stori yako imekatika. Na kama ulisoma fasihi sekondari ukafundishwa mhusika bapa na mhusika duara ukakariri kwa ajili ya mtihani, chanzo ni huyuhuyu. Kwake hayakuwa maneno ya mtihani, alikuwa anasema mhusika anayeweza kukushangaza, na ukaamini, huyo ndiye duara. Msome uone lile somo lilivyokuwa hai kabla halijafika ubaoni.

Vya ufundi

Hapa nitataja kimoja tu kwa nguvu zangu zote, Steering the Craft cha Ursula K. Le Guin, kilitoka 1998 na akakiandika upya 2015. Ni chembamba na kila sura ina zoezi. Kinaanza na sauti ya sentensi, jinsi maneno yanavyosikika mdomoni, na kwetu sisi tuliokulia kwenye mashairi na taarabu hilo halihitaji maelezo mengi. Kuna zoezi moja la kuandika ukurasa bila kivumishi wala kielezi hata kimoja. Nililifanya kwa Kiswahili nikadhani nitakwama, nikakuta vitenzi vyetu vinabeba mizigo mikubwa mno, kusukuma kukawa kusukumana, kusukumiza, kusukumiwa, na picha ikabaki kamili. Lile zoezi lilinifundisha Kiswahili changu mwenyewe na aliyelitunga ni Mmarekani.

Halafu kuna A Swim in a Pond in the Rain cha George Saunders, 2021, anachukua hadithi fupi saba za Warusi, Chekhov, Turgenev, Tolstoy na Gogol, anazisoma na wewe polepole. Ya kwanza anaisoma ukurasa mmoja mmoja, kila ukurasa anakusimamisha anakuuliza sasa unajua nini, unasubiri nini. Hiki nakitaja kwa sababu ya ile njia yake, nitairudia chini.

Kuhariri sitasema mengi. Self-Editing for Fiction Writers cha Renni Browne na Dave King, 1993, wote wawili ni wahariri, wanakuonyesha kipande kabla ya kuhaririwa na baada, na mwisho wa kila sura kuna orodha ya kujikagua. Ukikisoma kabla hujamaliza rasimu kitakufunga mikono, kila sentensi utaanza kuikagua kabla haijazaliwa. Kifungie kabatini mpaka siku uandike neno "mwisho".

Na vya Kiswahili je?

Kwanza tahadhari. Ukienda duka la vitabu ukaomba "mwongozo wa riwaya" muuzaji atakupa mwongozo wa mtihani, mwongozo wa Kidagaa Kimemwozea, mwongozo wa kitabu gani sijui cha kidato cha nne. Ukifungua unakutana na dhamira, maudhui, tamathali za semi, nafasi ya mwanamke, maswali na majibu. Ni vya mwanafunzi na vinamsaidia, ila wewe unayetaka kuandika havikufikishi. Kuku akishakatwa vipande utajua paja liko wapi na firigisi iko wapi, lakini alivyokuwa anakimbia hutajua. Nimeona vijana wameandika riwaya kwa kufuata miongozo hiyo, wanaanza na dhamira ya rushwa halafu wanatafuta watu wa kuibeba, na watu wenyewe wanatoka wakavu kabisa.

Tafuta Kunga za Nathari ya Kiswahili cha Said Ahmed Mohamed, cha 1995, kinagusa riwaya, tamthilia na hadithi fupi. Nakipendelea kwa sababu aliyekiandika ni mtunzi, ndiye mwenye Utengano, kwahiyo anapozungumzia nathari unamsikia mtu aliyewahi kukesha nayo. Kama unataka kujua riwaya yetu imetoka wapi kuna Riwaya ya Kiswahili cha Joshua Madumulla, 2009, hicho ni cha nadharia na historia, kisome ukiwa umetulia. Na Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila ya 2003 inafaa kuwa nayo karibu, maana ukisoma vitabu vya Kiingereza unakwama kwenye majina ya vitu, na kujua kwamba hiki ni taharuki, ile hamu ya kujua kitakachofuata, kile ni kisengerenyuma, stori kurudi nyuma, kunakusaidia hata ukiongea na mhariri wako.

Ila somo kubwa kuhusu vitabu hivi vyote mimi nimelipata kwenye kitabu cha mashairi. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, ndiye huyo aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Ni mwongozo wa uandishi hasa, wa kwetu, umeandikwa na mtunzi kwa Kiswahili. Vina, mizani, jinsi ubeti unavyosimama. Na angalia jina lenyewe, sheria kwanza halafu diwani, yaani hakukupa kanuni akaondoka, amekuwekea na mashairi yake mwenyewe nyuma yake umpime. Hicho ndicho kipimo changu cha mwalimu wa kitabuni mpaka leo, ameonyesha kazi au anaamrisha tu?

Miaka 20 baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na ugomvi ukawaka, wengine wakasema hayo si mashairi kabisa. Sitaki kuamua ule ugomvi hapa, mimi nawapenda wote wawili. Ninachosema ni hiki, aliyesoma Sheria akajua vina vinafanya nini masikioni mwa mtu, ndiye anayeweza kuviacha akajua anaacha nini. Kwahiyo kitabu kikikupa kanuni tafuta kama kimekupa na sababu. Kanuni yenye sababu utajua siku ya kuivunja, isiyo na sababu utaifuata kama kipofu au utaidharau bure.

Kanuni za Kiingereza zinapogoma

Hapa naomba unisikilize vizuri maana hakuna kitabu hata kimoja kati ya vile vya Kiingereza kitakachokwambia haya. Vimeandikwa kwa mtu anayeandika Kiingereza. Ukivichukua mzimamzima vinakuharibia Kiswahili.

Chukua hii ya kuepuka kauli ya kutendwa. Wanaambiana sana, andika nani kafanya nini. Sasa kwetu mtu anafiwa. Ananyeshewa. Anaolewa. Anaachwa. Ukiandika "Asha aliolewa" halafu ukaogopa mwongozo ukageuza "Juma alimuoa Asha", umeihamisha sini nzima kutoka kwa Asha ukampa Juma, na pengine Juma hana hata kazi katika hadithi yako. Na "alifiwa" utaligeuzaje? Ile kanuni iache hukohuko, iwe na maana pale tu unapoficha mtenda kwa uvivu.

Vielezi. Stephen King na wenzake wanavichukia, na kwa Kiingereza ni rahisi kuvikamata maana vingi vina mkia uleule. Kwetu vimejificha nyuma ya "kwa". Alisema kwa hasira, alitembea kwa haraka, alimtazama kwa huzuni. Hivyo ndivyo vya kuwinda. Alisema kwa hasira ni alifoka, alisema kwa sauti ya chini ni alinong'ona, alitembea kwa haraka ni alikaza mwendo. Lakini ukiwa na panga mkononi usije ukakata na "akanyamaza jii", "akaanguka pu", "giza totoro", "ukumbi umejaa pomoni". Hayo si mapambo, hiyo ndiyo lugha inavyopumua, mwondolee bibi yako hayo maneno uone kama atamaliza hadithi.

Halafu kuna jambo la nani ni nani. Mwandishi wa Kiingereza akiwa na mwanamume na mwanamke chumbani hana wasiwasi, viwakilishi vyake vinamtofautishia. Sisi tunaandika "akamwambia amwachie kwa sababu hakumpenda" na msomaji anabaki anahesabu vidole. Nimesoma hadithi nyingi za Whatsapp, zile za sehemu ya 1 mpaka ya 60, nyingine nzuri sana zina damu moto kabisa, ila hapa ndipo zinapoanguka zaidi kuliko mahali pengine popote. Dawa yake hutaipata kwa Forster. Dawa ni kutumia sifa za watu na nafasi zao, fundi, mama mkwe, yule mwenye kanzu, kutumia "huyu" na "yule" kwa akili, na kupanga sini ili kila mmoja awe na kitu chake mkononi, mmoja ana kikombe mwingine ana ufunguo, ukitaja kikombe nishajua nani kaongea.

Nyakati nazo. Wao wanaambiwa wachague wakati uliopita au uliopo basi. Sisi tuna -li- inayofungua mlango na -ka- inayotembea ndani ya nyumba. "Alifika saa nne, akabisha, hakujibiwa, akakaa barazani akisubiri." Sasa andika hiyohiyo kwa -li- tupu, alifika, alibisha, alikaa, alisubiri, ni maelezo ya polisi. Vijana wengi wanaosoma Kiingereza kingi wanaandika hivyo bila kujijua, na ukiwauliza kwanini hadithi yao inasikika kama ripoti hawajui.

Na salamu. Vitabu vinasema ruka salamu, ingia kwenye mazungumzo moja kwa moja. Nusu ni kweli, kurasa mbili za habari za nyumbani hazina maana. Lakini kwetu salamu ni tukio. Kijana aliyeingia nyumbani kwa watu asiseme shikamoo, hiyo ni habari kubwa. Mama aliyeitikia marahaba huku amegeukia jiko, hiyo ni habari. Anayepiga hodi mara tatu haitikiwi na anasikia redio ndani, hapo umeshapata sura nzima bila kutumia neno "ugomvi".

Hata ile kubwa yao, onyesha usieleze, ina mipaka yake. Kusadikika ya Shaaban Robert imejaa maelezo na hotuba, Karama anasimama mbele ya baraza anajitetea kwa visa, na watu wanaisoma mpaka leo. Msimuliaji wetu tangu zamani anaongea na watu waliomzunguka, akisema paukwa wanaitika pakawa, hajifichi. Ukitaka kuona mtu wa hukohuko Marekani akiliandikia hili, Craft in the Real World cha Matthew Salesses cha 2021 kinasema wazi kwamba kanuni za ufundi ni matarajio ya wasomaji fulani wa jamii fulani, kwahiyo jiulize wewe unamwandikia nani.

Ukiwa dukani

Usifungue mwanzo, mwanzo wote ni mtamu. Fungua katikati. Tafuta kipande cha hadithi, mfano halisi uliochambuliwa, ukipekua kurasa 20 hujaona hata mfano mmoja, ni maneno ya kutia moyo tu, rudisha. Tafuta zoezi, moja tu, ujiulize hili naweza kulifanya leo jioni? Angalia nyuma kwenye kava kama kinaahidi utaandika riwaya inayouza sana ndani ya siku 30, hicho rudisha haraka. Angalia mwandishi ameandika nini kingine, au kama ni mhariri amehariri wapi. Mwaka wa kuchapishwa usikuogopeshe kwenye vitabu vya ufundi, toleo la zamani la mtumba linafundisha sawasawa, pale Nairobi kwenye zile inama bookshop, vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini barabarani, unaweza kuokota dhahabu ukiwa na subira ya kuinama. Mwaka ni wa kuangalia kwenye vitabu vya soko tu, vile vya kufundisha kuuza kazi yako, na vingi vya hivyo vinafundisha kutafuta wakala New York, mtu wa kukupelekea muswada kwa wachapishaji, wakati kwetu muswada unaupeleka mwenyewe kwa mchapishaji, sasa sura sita za kumwandikia wakala barua utazifanyia nini.

Kama pesa haipo, nenda maktaba. Dar ile Maktaba Kuu iko pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kaa nacho siku tatu, nakili mazoezi kwenye daftari, umemaliza. PDF za wizi za kwenye magrupu mimi sizishauri, wewe mwenyewe unaandika ili siku moja mtu atoe pesa yake anunue chako.

Nunua kimoja. Ukikisoma mkono ukaanza kuwasha, kifunge uandike, hata kama uko ukurasa wa 30. Cha pili usikiguse mpaka uwe umeandika kurasa 20 mpya baada ya kile cha kwanza. Hili nalishikilia kwa sababu nawajua watu wana rafu nzima ya vitabu vya kufundisha uandishi na hawana hadithi hata moja iliyoisha, na ni watu wenye vipaji hasa, inaniuma.

Na kama umekosa vyote, jitengenezee mwongozo kwa ile njia ya Saunders niliyoitaja. Chukua riwaya ya Kiswahili unayoipenda, tuseme Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, sura ya kwanza, pale binti Yasmin anapoozwa kwa Bwana Raza aliyempita umri mbali. Soma ukurasa mmoja, funga, andika pembeni nimejua nini, nimeanza kusubiri nini, nimemwonea nani huruma na neno gani limenifanya hivyo. Ukurasa wa pili hivyohivyo. Kisha nakili aya mbili kwa mkono, kwa kalamu kabisa, uzungushie duara kila -ka-, upige mstari chini ya kila mahali mhusika ametajwa bila jina uone ametajwaje. Fanya sura moja tu, wiki moja. Baada ya hapo ndio utajua hasa ukienda dukani unaenda kutafuta nini.

Zoezi la kuanzia usiku huu, ukurasa mmoja: wanawake wawili, mlango mmoja, usitaje majina, usitumie "kwa hasira" wala "kwa huzuni", na msomaji ajue nani mwenye nyumba na nani mgeni. La kwangu lilianza na mama mkwe aliyesimama kizingitini, kanga mbichi begani, anasubiri shikamoo.